Punda Aliyejazwa Tenki

Punda wangu aliuawa na watu wanaojua ng'ombe. Naandika hivyo hivyo, bila kupaka sukari, kwa sababu huku Mogitu ukisema punda amekufa watu wanakujibu "pole" halafu wanakuuliza habari za mvua. Hakufa tu. Alishibishwa, akapigwa, akatobolewa, na waliofanya hayo yote walikuwa wanamtakia mema. Mmoja ni mume wangu. Mwingine ni mdogo wake, shemeji yangu, ambaye mpaka leo nikimpelekea chai anaangalia mikono yangu kwanza ndipo apokee kikombe.

Mimi ni wa kijiji cha Daudi, juu Mbulu, kwenye baridi na maharage. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa huku Hanang, chini ya mlima, kwenye upepo na ngano. Nilipojifungua, mama yangu alikuja kunitazama, akaja na punda jike wa kijivu mwenye msalaba mweusi mgongoni. Alisafiri naye akilala kwa jamaa njiani. Kabla hata ya kunywa maji alimfunga uani, akawageukia wanaume wa nyumba ile, akasema mbele yangu, "Huyu ni mgongo wa mwanangu. Mgongo wake mwenyewe kwa sasa una mtoto." Baba mkwe akatikisa kichwa kukubali. Mume wangu akasema asante. Shemeji akampiga punda kofi la kirafiki matakoni, punda akamtolea meno. Wale wawili walianza vibaya tangu siku ya kwanza.

Hapa inabidi nieleze maji yetu. Zamani, wanasema, kulikuwa na njia kutoka kitongoji chetu moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi. Mimi sikuikuta. Niliikuta ngano. Shamba la serikali lilikuwa limeanzia nyuma ya choo cha jirani na kwenda mpaka macho yanachoka, na njia ilikuwa imelimwa pamoja na kila kitu. Kwa hiyo wanawake tunazunguka. Unatoka alfajiri na madumu, unafuata ukingo wa shamba, unashuka korongo, unapanda, unachota, unarudi jua limeshakuwa kali. Ukiwa na mtoto mgongoni huna pa kuweka dumu ila kichwani, na shingo ya mzazi bado mbichi. Ukiwa na punda, unatembea mikono mitupu nyuma yake. Hiyo ndiyo tofauti. Sihitaji kumweleza zaidi mwanamke yeyote, na mwanamume asiyeelewa akabebe.

Mara moja nilikata katikati. Mtoto alikuwa na homa, nilitaka kufika nyumbani. Mlinzi wa shamba akatokea, hakusalimia, hakuuliza. Alimpiga punda rungu la pua. La pili lilikuwa langu, likanipata begani, kando kabisa ya kichwa cha mwanangu. Nilisikia upepo wake. Kabla sijafungua mdomo punda aligeuka, akainua miguu ya nyuma, akampata paja. Mlinzi akaanguka ndani ya ngano aliyokuwa akiilinda, akailaza zaidi ya tulivyoilaza sisi, na akabaki pale akimtukana mama yangu, ambaye kwa kweli ndiye aliyehusika. Tuliondoka bila kukimbia. Damu ya punda ilikuwa inadondoka juu ya madumu. Tangu siku ile nilimpenda yule mnyama kuliko nusu ya watu waliokula pilau kwenye harusi yangu.

Nilimlisha kama tunavyolisha kwetu. Mabua ya mahindi, nyasi kavu za ukingoni, maganda ya maharage kidogo, donge la magadi la kulamba. Punda anakula mchana kutwa, kidogo kidogo, akitembea, akisimama. Tumbo lake halitaki karamu. Shuleni mwalimu wa kilimo alituchorea ubaoni matumbo mawili: la ng'ombe, lenye vyumba vinne, na la punda na farasi, kifuko kimoja kidogo mbele na utumbo mnene nyuma unaochachusha majani polepole. Ng'ombe anacheua, hewa inatokea mdomoni. Punda hacheui wala hatapiki. Kinachoingia lazima kipite njia yote. Alisema ukimwagia nafaka nyingi kwa ghafla, inafika kule nyuma haijasagika, inachacha kama pombe, na mnyama anageuka pipa la gesi. Darasa zima tulicheka, kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa na kitambi. Lakini sikusahau.

Kisha yakaja mavuno. Kombaini ziliingia shambani zikinguruma, vumbi likaufunika mlima, na mume wangu akapata kibarua cha kupakia magunia. Kila jioni alirudi na ngano ya kufagia, ile inayomwagika chini ya mashine na kuchanganyika na udongo. Wasimamizi waliwaachia vibarua. Siku moja alirudi na ngano na hadithi.

Kulikuwa na mzungu fundi wa mashine, aliyetembea na picha ya farasi wake wa kwao. Wakati wa chakula aliwaonyesha.

"Farasi mkubwa hivi," mume wangu alisema, akinyoosha mkono juu ya kichwa chake. "Anang'aa kama gari jipya. Tukamwuliza anakula nini. Unajua anakula nini?"

"Majani," nikasema.

"Nafaka! Nafaka, mama mtoto. Kwenye ndoo, kila asubuhi. Ndiyo maana anakimbia."

Shemeji alikuwa anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. "Kwani trekta linakula majani?" akasema. "Si tunaona wenyewe? Jaza tenki, linalima. Tenki tupu, linasimama. Sasa huyu punda wetu..."

"Wangu."

"Huyu punda wako, shemeji, tunamwendesha na tenki tupu."

"Mlimwuliza huyo mzungu anampa kiasi gani?" nikawauliza. "Na majani je, anampa kiasi gani? Na siku farasi asipofanya kazi, anapewa nini?"

Shemeji akarudi kukwangua sufuria.

"Alionyesha ndoo," mume wangu akasema.

"Kwa hiyo hamkuelewana maneno, mkaelewana ndoo."

"Haya, fomu foo imeanza," shemeji akasema. "Umesomea punda, wewe? Cheti chako kina punda?"

"Kina biolojia. Chako kina nini?"

Hana cheti. Mume wangu akanikata jicho, lile linalosema mdogo wangu usimguse, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wakaanza. Kopo asubuhi, kopo jioni, halafu kopo likawa beseni. Na siongopi: mwanzoni punda aling'aa. Manyoya yalilala, shingo ikajaa, akawa anatoka uani kama amechomwa na nyigu. Madumu aliyokuwa anayabeba kwa mwendo wa mchungaji sasa aliyarusharusha mpaka vizibo vikafunguka, nikawa nafika nyumbani na nusu ya maji na nguo zimelowa. Majirani walisimama kutazama. Shemeji alitembea kifua mbele kama amemzaa yeye. Na kwa kuwa punda ameonekana ana nguvu, wakamwongezea kazi. Akitoka majini na mimi, wanamchukua kubebea watu ngano za kufagia mpaka mashine ya kusaga. Mgongo wangu ukawa wa kitongoji kizima.

Mimi niliona mambo mengine. Niliona mavi yake yamelainika na kunuka kama pombe, punje nzima nzima ndani yake, kuku wakizigombania. Niliona jioni anainua mguu mmoja wa mbele, anaushusha, anainua mwingine, kama amesimama juu ya bati la moto. Nafaka ilimpa nguvu za kukimbia karibu, na yeye ameumbwa kwenda mbali polepole. Nilimwambia mume wangu tukiwa tumelala, akageukia ukutani. Nikaenda kwa baba mkwe asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, waambie wapunguze ngano ya punda. Ataumia."

Mzee alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua macho. "Nimefuga tangu sijaota ndevu," akasema. "Sijaona mnyama aliyekufa kwa kushiba. Akivimba anatobolewa. Basi."

Nikarudi kwa mume wangu nikamwambia neno moja tu: siku mgongo huu ukivunjika, utaniletea wako. Akacheka. Ana meno mazuri akicheka, ndiyo yaliyoniponza.

Sisi ni watu wa kanisa. Jumapili hakuna jembe, hakuna mzigo, maksai wanakaa zizini, na punda naye anapumzika. Desturi nzuri, siisemi vibaya. Lakini Jumatatu ile walikuwa wamepanga safari kubwa ya mashineni, na shemeji akawaza kwa akili ya trekta: gari limeegeshwa, ndiyo nafasi ya kujaza. Tulipokwenda ibadani punda aliachwa amefungwa na beseni la ngano mbele yake. Tuliporudi beseni lilikuwa limelambwa, shemeji akalijaza tena na kuweka ndoo ya maji kando. Mnyama wa kutembea kutwa, hakupiga hatua. Jioni nikamkuta shemeji anamimina jingine. Nilikuja na hasira zangu zote, nikalipiga beseni teke, ngano ikatawanyika uani.

Shemeji akanidaka mkono, akaupinda nyuma mpaka nikasimama kwa vidole. "Chakula kinachezewa na mwanamke aliyeshiba," akanambia sikioni.

"Niachie."

"Sema hutarudia."

"Niachie nikuonyeshe kurudia."

Mume wangu alikuwepo. Alipiga magoti, nikadhani anaokota kitu cha kumpigia mdogo wake. Alikuwa anakusanya ngano kwa viganja, anairudisha kwenye beseni, taratibu, isibebe mchanga.

Asubuhi punda hakutaka kutoka. Alikuwa anageuza kichwa kutazama ubavu wake, kama mtu aliyeitwa asijue nani kamwita. Nikasema anaumwa tumbo. Shemeji akasema ameshiba uvivu. Wakampakia magunia, wakaongeza moja juu, nami nikamfunga mtoto mgongoni nikawafuata, kwa sababu nilijua.

Alikwenda mpaka mteremko wa korongo, akasimama. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kwato, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi, sisi wote tumejifunga mablanketi. Shemeji akampiga fimbo ya mgongo. Akampiga ya masikio. Mume wangu akavuta kamba kwa mbele mpaka shingo ya punda ikawa ndefu kama ya twiga. Fimbo ikavunjika, shemeji akakata nyingine, ya mgunga, hata miba hakuitoa yote. Mtu asiniambie fimbo ina sauti moja. Za mwanzo zinalia kama mkeka unaokung'utwa, za mwisho zinalia nyama. Damu ikatoka nyuma ya sikio, ikafuata ule msalaba mweusi, ikashuka nao begani. Hakupiga teke. Punda aliyemwangusha mlinzi wa serikali hakuwa na teke hata moja la kutupa.

Kisha akalala. Hakuanguka, alilala, magunia yote juu yake, akaanza kugaagaa. Kamba ikakatika, gunia likapasuka, ngano ikamiminika kwenye mchanga.

"Mtoeni mzigo!" nikapiga kelele. "Mwinueni, mtembezeni taratibu! Akigaagaa utumbo utajisokota!"

Walimtoa mzigo. Lakini waliutoa kwa sababu ngano inamwagika, na kabla hawajamgusa yeye waliizoa ngano.

Tumbo lake lilikuwa linapanda machoni petu. Shemeji akainama, akaligonga kwa vidole, likalia kama ngoma. Hapo sauti yake ikabadilika. Ikawa tulivu, sauti ya mtu aliyefika kwenye kazi yake, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Amevimba," akasema. "Tumtoboe."

Kila mfugaji wa huku anajua kumtoboa ng'ombe aliyevimba. Ubavu wa kushoto, kwenye lile shimo la nyuma ya mbavu, kisu kimoja cha haraka, hewa inatoka, ng'ombe anasimama, watu wanacheka. Shemeji ameokoa ng'ombe wengi hivyo, anaitwa hata vijiji vya mbali, sikatai. Lakini chini ya shimo lile ng'ombe ana chumba kikubwa kilichoegemea ngozi. Punda hana chumba hicho. Ana utumbo uliojikunjakunja, na ukichoma ovyo unachoma mavi yaingie tumboni.

"Huyu hacheui!" nikamwambia. "Hana hicho chumba! Utamuua!"

"Mshike mkeo," shemeji akasema, akachomoa kisu kwenye ala.

Na mume wangu akanishika. Alinikumbatia kwa mbele, mikono yote miwili, kwa kuwa mgongoni kulikuwa na mtoto. Hata katika hali ile alikumbuka asimbane mtoto. Nilimng'ata. Nilimng'ata mkono karibu na kiwiko mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Akanizaba kofi kwa mkono mwingine, sikio likapiga filimbi, mtoto akaanza kulia, na katikati ya kilio cha mtoto nikasikia mlio wa punda ambao sijausikia tena kwa punda yeyote. Ule wa kila siku ni mrefu, unapanda na kushuka. Huu ulikuwa mfupi.

Hewa kidogo ikatoka. "Si unaona?" shemeji akasema. Halafu yakatoka maji ya kijani, na ndani yake punje za ngano, nzima nzima, kama zilivyoingia. Shemeji akazitazama. Akahamisha kisu mbele kidogo, akachoma tena.

Nikachomoka. Sijui mikono ya mume wangu ililegea au niliilegeza kwa meno. Niliokota ile fimbo ya mgunga nikampiga shemeji yangu usoni. Nilimpiga mpaka akadondosha kisu. Nilimpiga masikio, nilimpiga mgongo, pale pale alipompiga mwenzake, na kila nilipoinua mkono mtoto alirushwa mgongoni akazidi kulia, na sikuacha. Alianguka kwenye mchanga, akajikunja, akafunika kichwa. "Shemeji, basi," akasema. "Shemeji." Mume wangu hakuja kunishika mara ya pili. Alikuwa ameketi, ameushika mkono wake unaovuja, anamtazama punda akipigapiga miguu. Alichukua muda mrefu kufa. Yeyote anayesema kifo cha mnyama ni chepesi aje nimsimulie mpaka mwisho, sitamwachia njiani.

Bibi mmoja wa jirani zetu wa kabila la wafugaji alikuwa anapita na punda zake kwenda majini. Akasimama juu ya korongo, akashuka peke yake na fimbo yake ndefu.

"Shikamoo bibi," nikasema, na damu ya watu mdomoni.

"Marahaba. Nani ameua?"

"Hawa."

"Punda wa nani?"

"Wangu. Wa maji. Alitolewa na mama yangu nilipojifungua."

Bibi akamwangalia mtoto, akaangalia sikio langu lililovimba, akamwangalia shemeji aliyekuwa anatema damu. "Na huyu nani amempiga?"

"Mimi."

"Vizuri," akasema. "Lakini haijatosha."

Sikumwelewa. Nilikuwa nimesikia tu juujuu kwamba kwa kabila lile la wafugaji, mwanamume akimdhulumu mama mwenye mtoto mchanga, wanawake wakubwa hukaa baraza lao wenyewe, na hakuna mwanamume anayewaingilia. Mimi Mkristo wa Daudi, niliichukulia kama hadithi ya zamani. Fisi walikuwa hawajammaliza punda kule korongoni wanawake walipofika nyumbani kwetu. Walikuja kundi zima, na fimbo zao, wakakaa chini nje ya zizi la baba mkwe, hawakuomba maji wala kivuli. Baadaye kidogo wakaja hata wanawake wa kanisani kwetu, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu, nao wakakaa.

"Haya ni mambo ya kipagani," mume wangu akanong'ona mlangoni.

"Ya Kikristo ni yapi?" nikamwuliza. "Kumjaza Jumapili na kumchoma Jumatatu?"

Baba mkwe akatoka kuzungumza nao kama mzee wa nyumba. Akasema punda ni punda, ajali hutokea, vijana walikuwa wanajaribu kumwokoa. Alisema vizuri, ana maneno mzee yule. Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hatujaja kwa ajili ya punda," akasema. "Tumekuja kwa ajili ya mgongo wa mzazi. Mama yake huyu binti alisema maneno hapa uani. Ulitikisa kichwa, au hukutikisa?"

Mzee akaokota kijiti, akakivunja.

"Nakuuliza."

"Nilitikisa," akasema.

"Kumbe ulisikia."

Wakatoza fahali. Hawakuchukua yeyote tu, walimtaka fahali mweusi wa shemeji, yule aliyemlea kwa mkono tangu ndama, aliyekuwa akimwimbia akirudi kutoka machungani. Shemeji akasimama kwenye mlango wa zizi, amenyoosha mikono, uso umevimba kwa kazi yangu. Fimbo zilimshukia pande zote, kavu kavu, bila kelele, kama wanapura maharage, mpaka akatoka mlangoni kwa magoti. Fahali akatolewa. Bibi akamshika pembe, akageuka.

"Daktari," akamwita shemeji. "Huyu tumtoboe upande gani?"

Wanawake wakacheka, kicheko kibaya, kisichofika machoni. Shemeji akalia, mwanamume mzima, pale kwenye mavi ya zizi. Fahali alichinjwa hapo hapo mbele yake, na nyama ililiwa na wanawake. Mwanamume hakupewa hata kwato. Nilikula. Nilimpakaza mwanangu mafuta midomoni akayalamba. Nimejipima mara nyingi tangu siku ile kama nimemwonea shemeji huruma, na kila nikijipima sipati kitu.

Lakini fahali aliyeliwa hachoti maji. Asubuhi yake madumu yalikuwa pale pale ukutani, matupu. Nikachukua mawili, nikayaweka miguuni kwa mume wangu akiwa na kikombe cha chai. Maneno nilikuwa nimeshayasema zamani.

Akayatazama. "Watu wataniona," akasema. Huku mwanamume haonekani na dumu la nyumbani, labda awe mgonjwa wa akili au mjane.

"Hata punda watu walimwona kila siku. Hakufa kwa hilo."

Akanyanyuka, akayachukua.

"Zunguka," nikamwambia. "Upande wetu bado hawajavuna. Usikate katikati."

Akakata katikati. Hajawahi kuamini kwamba njia ndefu ni ya kwake.

Alirudi jua limeshapanda, dumu moja limepasuka, jingine na maji ya kunawia tu. Mdomo ulikuwa umechanika, na begani palikuwa na uvimbe ambao ukubwa wake niliujua bila kuugusa. Aliketi kwenye kigoda. Mkono wenye meno yangu alikuwa ameufunga kitambaa.

"Ni yule mlinzi anayechechemea," akasema.

"Namjua."

Akatema damu kando. Kisha akasema, "Nina njaa."

Sufuria lilikuwa mekoni. Nilikuwa nimechemsha ngano, ile ya gunia lililopasuka korongoni, na mchanga wake. Nikapakua bakuli mpaka punje zikamwagika pembeni, nikaliweka mbele yake, nikamchukua mtoto nikampa ziwa.

"Jaza tenki," nikamwambia. "Jioni kuna safari nyingine."

Alinitazama. Halafu akachovya mkono akaanza kula. Nilisikia mchanga ukisagika kwenye meno yake mazuri, na mtoto akivuta ziwa kwa nguvu.

Jioni alizunguka.